Tahadhari: Tazama Mguu wa Ukingo Kabla ya Kuuegemea

Tahadhari hii ni kwa kila mwenye nyumba ya ghorofa, nyumba ya wageni au mgahawa wenye roshani au jukwaa la mbao karibu na bahari, kuanzia Lamu hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia. Kagua kingo zako wiki hii. Usiridhike na mng'ao wa bomba la juu ambalo kila mtu hulishika. Piga magoti utazame chini, pale nguzo inapokutana na sakafu. Ukiona kutu iliyovimba, weldi yenye ufa, vigae vilivyopasuka kuzunguka nguzo, au michirizi ya rangi ya chai inayoshuka ukutani, funga mlango wa roshani hiyo na usimruhusu mtu kupita mpaka fundi aikague. Ukingo wa namna hiyo huenda unashikiliwa na rangi tu.

Naandika kwa haraka kwa sababu ghorofa zinaota kila mahali pwani, na watu wanaigana. Mwenye nyumba mmoja akiweka mabomba yanayong'aa, jirani anampigia simu fundi yuleyule na kumwambia anataka kama ya pale. Anachoiga ni sura. Aina ya chuma, unene wake na bolti zilizofichwa chini ya kile kikombe cha kupendezesha mguu wa nguzo havionekani kwa macho, na mara nyingi havitajwi hata kwenye mapatano ya bei. Hivyo uchaguzi mbaya wa nyumba moja unaenea mtaa mzima, na kingo zote zitafikia umri wa kuoza kwa wakati unaokaribiana.

Tarehe 2 Machi 2021, kwenye chuo kikuu cha umma cha mji wa El Alto nchini Bolivia, wanafunzi walibanana kwenye ujia wa ghorofani wakati wa mkutano. Wakasukumana, na ukingo wa chuma ukaachia. Wanafunzi wasiopungua 7 waliporomoka hadi chini na kufa, na video ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima. El Alto iko milimani, takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna upepo wa chumvi kule. Kilichotokea ni kwamba ukingo haukuweza kubeba msukumo wa watu. Sisi tuna msukumo huohuo kwenye harusi, kwenye maulidi, kwenye mkesha wa mwaka mpya wageni wanapojipanga ukingoni kutazama fataki. Na juu ya msukumo huo tuna bahari inayokula chuma mchana na usiku.

Hesabu yenyewe inastahili kueleweka, maana ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa Marekani zinataka bomba la juu la ukingo lihimili msukumo wa ratili 200, yaani takriban kilo 90, mahali popote litakaposukumwa. Kilo 90 ni mtu mmoja mnene aliyejikwaa. Lakini anasukuma juu, kwenye kimo cha mita moja na ushei, na kinachomzuia ni bolti za chini zilizoachana sentimita nane au kumi tu. Nguzo inageuka mtaimbo. Bolti za upande wa nyumba zinavutwa kwenda juu kwa nguvu ya takriban tani moja. Sasa chukulia kwamba bolti hizo hazikufika kwenye zege, zimeishia kwenye kigae na saruji laini iliyo chini yake. Au chukulia kwamba fundi alitumia skrubu fupi zenye plagi za plastiki, zile za kutundikia rafu ukutani. Inua vikombe vya miguu ya nguzo kwenye majengo mapya na utazikuta. Mwenye nyumba alilipia mabomba ya bei ghali, na usalama wake wote umebaki kwenye kipande cha plastiki kisichozidi kidole.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukingo utengenezwe kwa nini, uliza utashikwa na nini. Bolti ziingie kwenye zege lenyewe, zipite kigae na plasta yake, na zikae mbali kidogo na ukingo wa sakafu, kwa sababu zege la pembezoni hubanduka kirahisi. Kwenye jukwaa la mbao, nguzo ifungwe kwa bolti zinazopenya boriti upande hadi upande na kukazwa kwa nati. Misumari haitoshi hata iwe mingi kiasi gani.

Chuma cha kawaida, yale mabomba ya mraba ambayo kila fundi wa kuchomelea anayo, ndicho kilichoenea zaidi na ndicho kinachoanguka kimyakimya zaidi. Viwango vya kimataifa vya kupima ukali wa hewa, vile vya ISO 9223, huyaweka maeneo yenye chumvi nyingi ya pwani kwenye daraja la C5, na katika daraja hilo chuma kisichokingwa hupoteza mikroni 80 hadi 200 za unene kwa mwaka kwenye uso mmoja. Bomba jembamba linalopendwa kwa unafuu wake lina unene wa milimita 1.2, sawa na mikroni 1,200. Piga hesabu mwenyewe: kwa kasi hiyo ukuta wa bomba unaweza kutoboka ndani ya miaka 6 hadi 15 kwa kuliwa upande mmoja tu, na nguvu yake inakwisha zamani kabla haujatoboka. Rangi huchelewesha mambo, lakini rangi hupakwa nje. Ndani ya bomba hakuna brashi iliyowahi kufika. Fundi akiacha tundu dogo kwenye weldi, au ncha ya bomba ikiwa wazi, hewa ya bahari inaingia, unyevu unashuka na kutuama mguuni, na chuma kinaliwa kutokea ndani huku nje kukiwa na rangi nyeusi safi iliyopakwa juzi kwa ajili ya sikukuu.

Gonga nguzo kwa kipande cha chuma kuanzia juu kushuka. Mlio ukibadilika karibu na sakafu, ukawa mzito na uliokufa, simama hapo. Chukua bisibisi ubonyeze kwa nguvu kwenye mguu. Bisibisi ikizama, hakuna cha kujadili.

Wapo wanaoamini mabati ya zinki yamemaliza tatizo. Inategemea ni zinki ya namna gani. Bomba lililotumbukizwa zima kwenye zinki iliyoyeyuka, baada ya kukatwa na kuchomelewa, hubeba tabaka la mikroni 70 au zaidi, na kwenye hewa ya C5 zinki huisha kwa mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Una miaka kadhaa ya amani, hata kumi na zaidi. Lakini bomba linalouzwa dukani likiwa tayari na mng'ao wa zinki mara nyingi lina tabaka jembamba sana, na fundi akilichomelea, moto unaiunguza zinki palepale kwenye maungio, mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Kama huna njia ya kuupeleka ukingo kiwandani utumbukizwe, basi maungio yote yasuguliwe mpaka chuma kionekane, yapakwe rangi yenye zinki nyingi, kisha rangi ya msingi, kisha ya juu tabaka mbili. Na bomba liwe nene, milimita 3 kwa nguzo. Fundi atasema ni kupoteza hela. Mwache aseme.

Jirani wa tatizo hili ni vile vijiti vya zege vyenye umbo la chupa, vinavyomiminwa kwenye kalibu na kupangwa pembezoni mwa baraza. Watu huviona kama mawe, hawavikagui kabisa. Ndani ya kila kijiti kuna nondo moja nyembamba au waya tu, na zege linaloizunguka ni la sentimita chache. Kikitengenezwa kwa mchanga wa bahari ambao haukuoshwa, chumvi imo ndani tangu siku ya kwanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa mwembamba unaokwenda sambamba na urefu wa kijiti, wenye alama ya kahawia, maana yake nondo imeshaanza kuoza. Kuziba ufa huo kwa plasta na kupaka chokaa ni kuficha ugonjwa.

Sasa stenlesi, na hapa naomba umakini wote, kwa kuwa ndiyo inayouzwa leo kama jibu la mwisho la kutu. Jina hilo moja limebeba vyuma tofauti. Namba za kukariri kabla ya kwenda dukani ni 201, 304 na 316. Ile ya 304 ina takriban asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli. Ile ya 201 imepunguzwa nikeli kwa sababu nikeli ni ghali, ikaongezwa manganizi. Ikiwa mpya inang'aa sawasawa na nyingine, bei yake inavutia, na ndani ya nyumba huko bara inaweza kudumu. Mbele ya bahari inaanza kutoa madoa mapema, kisha vitundu vidogo vinavyochimba kuelekea ndani ya bomba. Ile ya 316 imeongezwa molibdeni, kama asilimia 2, na ndiyo inayofaa kwa nyumba iliyo karibu na mawimbi. Madoa ya chai huwa mabaya zaidi ndani ya takriban kilomita 5 kutoka baharini, na kadiri unavyosogelea ufuko ndivyo 304 inavyoshindwa.

Muuzaji akitoa sumaku kukuthibitishia kwamba bomba lake ni halisi, usinunue kwa ushahidi huo. Zote tatu kwa kawaida hazishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo tu pale zilipokunjwa. Sumaku itakutofautishia stenlesi hizi na chuma cha kawaida, basi. Dai cheti cha kiwanda chenye namba ya chuma, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Zipo pia dawa za matone za kupimia, ambazo hubadilika rangi zikikuta manganizi nyingi. Fundi anayefanya kazi ya stenlesi pwani kila siku anapaswa kuwa nazo mfukoni.

Hata 316 ina masharti yake. Weldi ikiachwa na ule weusi na ubluu wa moto, kutu itaanzia hapo. Lazima isafishwe kwa dawa yake na kung'arishwa. Grainda iliyotoka kukata chuma cha kawaida isiguse stenlesi, maana hupandikiza chembe za chuma zinazoota kutu juu yake. Uso laini uliong'arishwa kabisa hukaa vizuri kuliko uliochanwa michirizi, kwa sababu chumvi hujibana kwenye michirizi hiyo. Na kuna uharibifu mmoja unaofanyika sana siku za mwisho za ujenzi: mafundi vigae husafisha sakafu kwa asidi kali ili kuondoa saruji iliyoganda. Mvuke na matone ya asidi hiyo huiharibu stenlesi kabla mwenye nyumba hajahamia. Ama vigae vimalizwe na kusuuzwa kwanza, ama ukingo ufunikwe nailoni kikamilifu. Klorini ya kufulia nayo isitumike kuufuta.

Wenye mabwawa ya kuogelea wasikilize zaidi. Mwaka 1985, mjini Uster nchini Uswisi, dari ya zege iliyokuwa juu ya bwawa la ndani iliwaangukia waogeleaji na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa fito za stenlesi, na fito hizo zilikuwa zimepasuka kutokana na kloridi. Zile zilikuwa fito zilizobeba uzito mkubwa ndani ya jengo lenye joto na mvuke wa klorini, hali tofauti na ukingo wa nje. Ila zinatufundisha kwamba stenlesi inaweza kukatika bila kukonda kwanza na bila kumwonya mtu.

Osha ukingo kwa maji yasiyo na chumvi, angalau mara moja kwa mwezi, na kila wiki kama uko ufukoni. Maji ya kisima chenye magadi au chumvi hayafai. Watu wengi huosha sehemu inayolowa mvua na kusahau iliyo chini ya paa, kumbe ile isiyofikiwa na mvua ndiyo inayorundika chumvi ya kaskazi na ya kusi mwaka mzima bila kusuuzwa.

Alumini ni chaguo zuri kwa pwani, zuri kuliko wengi wanavyolipa heshima. Hujikinga yenyewe kwa utando mwembamba, na ikipakwa rangi ya unga iliyookwa kiwandani hudumu sana. Isigusane na saruji mbichi, kwani huichoma. Isifungwe kwa bolti za chuma au stenlesi bila washa za plastiki katikati, maana metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Na kwa kuwa ni laini, kitako chake kiwe kinene.

Kioo kinapendwa kwa sababu hakizuii mandhari ya bahari. Kiangazi cha mwaka 2011 huko Toronto, Kanada, vioo vya kingo za roshani vilivunjika na kuanguka mitaani kutoka kwenye majengo marefu mapya, mpaka jimbo la Ontario likabadilisha kanuni zake za ujenzi mwaka 2012. Kioo kilichopikwa ili kiwe kigumu kinaweza kupasuka chenyewe kutokana na punje ndogo ya uchafu iliyobaki ndani, na kikipasuka humwagika chote kama kokoto. Aliyekuwa amekiegemea hana tena ukingo. Kinachotakiwa ni kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, ambacho kikipasuka hubaki mahali pake. Kama fundi wako hakijui, usiweke kioo. Na klipu za kukishikilia ziwe za 316, kwa sababu nyingi zinazouzwa hazifikii hapo.

Mbao zinaogopwa bila sababu ya kutosha. Tazama roshani za nakshi za ile zahanati ya zamani ya Mizingani, Unguja, iliyogharimiwa na mfanyabiashara Tharia Topan na kukamilika mwaka 1894: zimekaa uso kwa uso na bahari kizazi baada ya kizazi, zikakarabatiwa miaka ya 1990, na bado zipo. Kiini cha mvule, mninga au msaji hustahimili jua, mvua na mchwa. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo haistahimili, na sokoni mara nyingi unauziwa ubao wenye vyote viwili. Kataa weupe, hasa kwenye nguzo. Ubao ambao tayari umebunguliwa usiuchukue hata kwa nusu bei. Nguzo za mkaratusi na msonobari zilizotiwa dawa zinafaa pia, mradi kila zinapokatwa ncha ipakwe dawa upya, kwa sababu dawa haifiki katikati ya nguzo. Nyingi hutiwa dawa yenye aseniki, kwa hiyo mabaki yake yasichomwe jikoni. Dawa hizo huwa na shaba, nayo ikilowa hula misumari ya kawaida. Tumia stenlesi au zilizotumbukizwa kwenye zinki.

Adui wa mbao ni maji yaliyofungiwa. Tarehe 16 Juni 2015 huko Berkeley, California, roshani ilikatika ikiwa na vijana kwenye sherehe ya kuzaliwa. Sita walikufa, watano kati yao wanafunzi kutoka Ireland. Mbao za kubebea zilikuwa zimeoza chini ya sakafu iliyoonekana nzima. Mwaka 2018 California ilitunga sheria inayotaka roshani za majengo ya kupangisha, pamoja na kingo zake, zikaguliwe kila baada ya miaka 6. Hatuhitaji kusubiri sheria kama hiyo ili tuchukue bisibisi na tochi.

Kuna suala la watoto, na hapa aina yoyote ya chuma haitakusaidia. Mtindo wa mabomba ya kulala, matano au sita yaliyopangwa moja juu ya jingine, ni ngazi. Mtoto wa miaka miwili hupanda bila kufundishwa. Fito ziwe wima, na nafasi kati yake isizidi milimita 100, kipimo ambacho nchi nyingi zimekichukua ili kichwa au kiwiliwili cha mtoto kisipite. Kimo kiwe mita 1.1 kutoka kwenye sakafu iliyokamilika, yaani baada ya vigae kuwekwa. Nimeona kingo nyingi zilizopimwa kabla ya vigae, na zikaishia kwenye nyonga ya mtu mzima.

Unapoelewana na fundi, yaandikwe mambo haya hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari: namba ya chuma, unene wa nguzo kwa milimita, aina na urefu wa bolti, na zinaingia wapi. Kabla ya kumaliza malipo, mwombe ainue kikombe cha mguu wa kila nguzo mbele yako, kisha wanaume wawili wasukume bomba la juu kutokea ndani, mmoja akiwa ameshikwa na mwenzake nyuma. Lisitikisike mguuni. Fundi mzuri hatakasirika.

Na kwa kingo ambazo tayari ni mbovu, usianze na rangi. Rangi mpya juu ya kutu ni hatari kuliko kutu inayoonekana, kwa sababu inamwondolea mgeni sababu ya kujihadhari. Usichomelee kiraka kwenye bomba lililooza pia. Weldi inahitaji chuma kizima cha kushika. Kata nguzo, ng'oa kitako, chimba mpaka zege zima, anza upya. Wakati kazi inasubiri fedha, jenga ukuta mfupi wa tofali ndani ya roshani au ifunge kabisa. Nyumba za wageni zitoe chumba hicho kwenye orodha ya kuuza mpaka kazi ikamilike.

Mpangaji aliyeona dalili hizi ampelekee mwenye nyumba picha na maelezo kwa maandishi leo, na nakala aipeleke ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri. Mpaka atakapojibiwa, viti na meza vitoke roshani, kamba ya kuanikia nguo isifungwe kwenye ukingo, na mlango ufungwe kwa ufunguo usiofikiwa na watoto.